Trekta Lisilokula Oili

Siku nilipokabidhi funguo za karakana, vijana niliokuwa nikifanya kazi nao waliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nadhani walitarajia niwaeleze jinsi mtu anavyopanda kutoka kufagia sakafu hadi kuketi mezani. Sioni fahari yoyote katika kupanda. Hata moshi hupanda. Nitaandika juu ya skrubu moja iliyokuwa ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, na juu ya mtu aliyenifundisha kuigusa. Ninyi mnaoshughulika na injini za dizeli hamtaihitaji skrubu ile. Mtu yule mtamhitaji.

Nilifika Shinyanga baada ya vita kuu ya pili, nikitoka shule ya misheni. Kichwa changu kilijaa maneno ya vitabuni na mikono yangu haikujua lolote. Karakana ilikuwa ng'ambo ya reli, imepakana na kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu wote wa mavuno tulifanya kazi tukiwa na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, tukafanana na babu zetu. Matrekta yaliletwa na treni. Yalikuwa makuukuu, yamechokea katika nchi za watu wengine, nayo yakaletwa kwetu yamalizie uhai wake. Mwenye karakana aliyakodisha kwa wakulima waliokuwa wakifungua mashamba mapya ya pamba, na kwa wenye migodi midogo ya dhahabu upande wa Geita, ambao waliyatumia kuzungusha pampu za kutoa maji mashimoni.

Fundi mkuu aliitwa Mzee Luhende. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na mkononi alikuwa na kovu pana la mkanda wa mashine. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya trekta.

"Shikamoo, mzee. Nimeletwa nijifunze injini."

"Marahaba. Wewe ni ng'wana nani?"

"Ng'wana Malale, mzee. Mwana wa Malale."

"Malale yupi? Wa Tinde au yule aliyehamia Usanda?"

Nikamweleza. Akauliza habari za babu yangu, kisha mvua, kisha ng'ombe, kisha ndama wa ng'ombe hao, kisha jirani zetu, na kila jibu nilimalizia kama nilivyolelewa: mhola duhu, ni salama tu. Nilikuja na hamu ya injini, yeye akanizungusha kwanza ukoo mzima. Salamu ya Kisukuma ina mpangilio wake, nao haukatizwi. Hata mwenye msiba huanza kwa kusema kwamba ni salama, amalize zamu zote za kuulizana, ndipo ainamishe macho na kulitoa lililomleta. Niliona kuwa ni upotevu wa wakati. Sikujua bado kwamba mpangilio huo unaweza kumficha mtu.

Mmoja wa madereva, Shaaban, Mmanyema wa Tabora, alikuwa akitusikiliza huku akifunga gurudumu.

"Ninyi Wasukuma," akasema, "mkianza kusalimiana asubuhi, jua linazama hamjafika kwa mbuzi."

"Na wewe usiyesalimia," Mzee Luhende akamjibu bila kugeuka, "nani atakuja kukuuliza kama umekufa?"

Wakacheka wote wawili. Enzi zile alikuwa akisikia hata bila kugeuka.

Sasa niieleze skrubu. Matrekta yale yaliwashwa kwa petroli. Injini ikishapata moto, dereva aligeuza bomba, ikaanza kunywa mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi kupatikana. Ndani ya kabureta mafuta hukutana na hewa, na skrubu ile ndiyo iliyoamua ni mafuta kiasi gani yapite. Mzee Luhende hakutumia maneno ya kitaalamu. Mafuta yakiwa machache, alisema injini ina njaa: inakohoa kwa kupitia mdomo wa kabureta, inasitasita ikipewa mzigo, na plagi zake zinakuwa nyeupe kama majivu. Mafuta yakizidi, alisema imevimbiwa: moshi mweusi, plagi zenye masizi, mwendo mzito wa mtu aliyetoka karamuni. Kati ya njaa na kuvimbiwa kuna nafasi nyembamba sana, na kazi yetu ilikuwa kuitafuta.

Lakini hakuniruhusu kuigusa mpaka niwe nimepita kwingine kote. Tangi lina maji? Chujio lina uchafu? Boya la kabureta limekwama? Kuna hewa inayoingia kisirisiri pale kabureta inapoungana na injini? Plagi zinatoa cheche? Rejeta imefunikwa ili injini ipate moto wa kutosha kuyachoma mafuta ya taa, au imeachwa wazi, injini ikabaki baridi na mafuta yakapita bila kuungua? "Skrubu ni ya mwisho," alisema. "Watu huanza nayo kwa sababu ni rahisi kugeuka." Katika miaka yangu yote nimeona watu wengi, nje ya karakana pia, wakianza kurekebisha kile kilicho rahisi kugeuka. Wengine wao walikuwa na madaraka.

Akishajiridhisha, aliiacha injini ipate moto, akaipa mzigo, akachuchumaa karibu na kabureta na kufumba macho. Aliifunga skrubu taratibu mpaka injini ikaanza kuyumba. Hapo alisimama. Kisha akaifungua kidogo, ikatulia. Akaongeza unywele mmoja wa mafuta, akiba ya kupandia mlima. Alikuwa ameinamisha sikio kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Nilipomuuliza anasikia nini, alisema: "Mahali inapoacha kulalamika."

Kazi hiyo alijifunzia Geita kabla ya vita, katika mgodi mkubwa, kwenye mashine za kuponda mawe. Alituhadithia kwamba ndani ya banda lile hakuna aliyeongea kwa sauti; vyuma vilipiga mawe mchana kutwa, watu wakazungumza kwa mikono na kwa kuangaliana midomo. Tulicheka alipotuigizia jinsi msimamizi alivyotukanwa mbele ya uso wake bila kujua. Hatukuuliza masikio ya watu wale yaliishia wapi.

Miaka ikapita. Nilipewa kazi ya kuchonga vipuri upande wa pili wa karakana, yeye akawa mtu wa safari, akizunguka Geita, Kahama na vijiji vya kando kuyarekebisha matrekta huko huko yaliko. Tulikutana kwenye salamu tu, na salamu zake zilikuwa kamili kama siku ya kwanza. Waliokuwa wakifanya kazi naye walisema ameanza kuwa na majivuno, kwamba akiitwa haitiki. Walimwachia majivuno yake kwa sababu ni mzee. Nimeishi na heshima ya namna hiyo maisha yangu yote na nimechoka nayo. Inampisha mtu njiani bila kumtazama usoni.

Shaaban wakati huo alikuwa Geita, kwenye mgodi mdogo wa kampuni moja ambao haupo tena, akiendesha trekta lililozungusha pampu kwa mkanda. Kila alipokuja Shinyanga alijisifu.

"Matrekta yenu yanakunywa oili kama walevi. La kwangu halili oili. Kila asubuhi napima, imejaa. Siku nyingine imezidi. Nafikiri linataga."

Wenzake walimwonea wivu. Mimi niliposikia ilikuwa kwa mbali, kama mzaha mwingine wa Shaaban. Hakuna aliyejiuliza ni injini gani hapa duniani huongeza oili yake yenyewe.

Kisha trekta lile likaanza kugonga ndani. Beringi zikaungua, zikabadilishwa, zikaungua tena. Mara ya pili tuliitwa Mzee Luhende na mimi, tukasafiri kwa lori pamoja na vipuri na trekta jingine la kushika nafasi. Tulipofika mchana, alilirekebisha trekta hilo jipya na kulifunga kwenye pampu, kwa maana maji hayasubiri na chini kulikuwa na watu. Lilitoa moshi mweusi. Nilidhani atapunguza mafuta asubuhi likishazoea mzigo, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Asubuhi nilifungua tumbo la trekta lililoharibika. Oili ilitoka nyepesi kama chai, haikushika vidoleni, na ilinuka mafuta ya taa. Msimamizi wa mgodi, mtu wa ng'ambo, mwenye haraka lakini si mbaya, aliinusa akatikisa kichwa. Kwake jambo lilikuwa wazi: dereva ameuza oili nzuri, akajaza pengo kwa mafuta ya taa. Ndiyo maana kila asubuhi ilikuwa imejaa. Majigambo ya Shaaban yakageuka ushahidi dhidi yake. Aliketishwa juu ya pipa, askari wa mgodi akasimama kando yake, gari la polisi likaagizwa lije jioni.

"Ng'wana Malale," Shaaban aliniita, "waambie basi. Ningekuwa naiba, ningejisifu mbele ya watu?"

"Wezi wengine hujisifu," askari akasema.

"Hao ni wezi wa kwenu. Sisi wa Tabora tunaiba kwa adabu." Alijaribu kucheka, lakini midomo ilikuwa mikavu. Alikuwa na mke na watoto pale pale mgodini, nao walisimama mlangoni pa kibanda wakitazama.

Nilijua kwamba mafuta ya taa yanaweza kuingia kwenye oili bila mkono wa mwizi. Injini iliyovimbiwa, mafuta yasiyoungua huteremka kandokando ya pistoni, yakaiosha oili na kuchanganyika nayo chini. Kiasi kinapanda, dereva anafurahi, na beringi zinakufa katikati ya furaha hiyo. Lakini ili trekta livimbiwe muda wote ule, lazima mtu awe ameifungua skrubu mno. Na skrubu zote za Geita ziliguswa na mkono mmoja. Nikakataa kuliamini wazo langu.

Wakati huo lori la Kahama liliingia kupakua magunia ya mchele, akashuka mpwa wake Mzee Luhende, mtu mzima mwenye ndevu, mwana wa dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea Luhende baada ya mama yao kufa. Sote tulizijua habari zake, maana hakuacha kumtaja.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Wakaendelea. Mvua, ni salama. Watoto, salama. Mtama, salama. Shaaban akatutazama kutoka juu ya pipa lake. "Bado hawajafika kwa mbuzi," akasema polepole, na hata askari alitabasamu. Wakafika mwisho. Mpwa akafanya kama inavyopasa: akainamisha macho chini, akateremsha sauti.

"Mjomba, mama amezidiwa. Hali chakula. Anakuita. Lori hili linarudi wakishapakua."

"Vizuri," Mzee Luhende akasema kwa uchangamfu. "Mhola duhu. Na ng'ombe wenu, bado wanakwenda kunywa kule bondeni?"

Hakuna aliyecheka. Mpwa aliinua uso akamtazama mjomba wake kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akanitazama mimi. Shaaban aliteremsha miguu kutoka kwenye pipa, akakaa wima.

Nilielewa yote kwa pamoja, na ningependa kuwa mahali pengine. Nilimshika mzee mkono, nikampeleka nyuma ya ghala kwenye mwanga. Nikasimama uso kwa uso naye, nikasema polepole, nikifungua midomo vizuri:

"Mzee. Dada yako anaumwa sana. Anakuita."

Alitazama midomo yangu mpaka mwisho. Akagundua mambo mawili: kwamba dada yake anakufa, na kwamba mimi najua. Sikuweza kuona ni lipi lililomwumiza kwanza.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu sasa hivi."

"Mimi tangu kule kwenye mashine za mawe. Lakini masikio yalikuwa yakipungua kidogo kidogo. Binadamu nawaona midomo. Injini haina midomo." Akageukia kule trekta la pampu lilikokuwa likinguruma. "Injini ninayoisikia sasa ni ile yenye kelele nyingi tu. Kwa hiyo nafungua, nafungua, mpaka nihisi kitu."

"Shaaban anapelekwa polisi jioni."

"Nimesikia," akasema, kisha akajisahihisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli hata pale. "Sikusikia. Nimeona alivyokaa."

Nikamwambia apande lori aende kwa dada yake. Nitazungumza na msimamizi mimi. Akatikisa kichwa.

"Atasema unamwokoa rafiki yako kwa kumsingizia mzee ambaye hayupo. Hata mimi ningesema hivyo."

Akatembea moja kwa moja hadi kwa msimamizi, akavua kofia.

"Bwana, mimi ni kiziwi. Oili ile nimeiharibu mimi."

Msimamizi alimtazama, akanitazama mimi, akadhani tumepanga. Mzee Luhende alilitarajia hilo. Akaomba jambo moja: oili yote ya trekta linalozungusha pampu imwagwe, itiwe mpya kutoka kwenye pipa lisilofunguliwa bado, kisha msimamizi mwenyewe aketi karibu nalo, pasisogee mtu, injini ifanye kazi na skrubu ibaki pale alipoiweka yeye. Jioni wapime.

Msimamizi hakuwa mpumbavu. Akakubali.

Lori lilikuwa limemaliza kupakua, dereva akapiga honi. Mzee Luhende alimfuata mpwa wake.

"Tangulia. Mwambie mama yako nakuja kesho na gari lijalo. Mwambie kuna mtu nimemfunga, lazima nimfungue kwanza."

"Mjomba, kesho inaweza kuwa mbali."

Sijui kama aliiona midomo yake. Alimshika bega, akamsukuma taratibu kuelekea kwenye lori.

Tukakaa mchana ule wote kulitazama trekta likivuta moshi mweusi. Nimesoma vitabu vingi juu ya ushujaa, na katika vingi kuna farasi na upanga. Mimi niliuona kwa mzee aliyeketi juu ya jiwe, akingoja kosa lake lipande kwenye kijiti cha kupimia oili, huku vumbi la lori la Kahama likitulia barabarani. Kama kijiti kingeonyesha kwamba hakukosea, Shaaban angefungwa. Alikuwa akiomba awe amekosea.

Jua lilipoanza kulegea, injini ikazimwa. Msimamizi alichomoa kijiti kwa mkono wake. Oili ilikuwa imepita alama. Akaisugua kwa vidole, akainusa, akampa Shaaban naye anuse. Shaaban alinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akafuta machozi kwa kiwiko, akasema ni harufu ya mafuta ya taa ndiyo inayowasha macho.

Nilikagua kifuniko cha mbele ya rejeta, nikaona hakikuwa kimefungwa vizuri, nikakifunga. Nikaipa injini moto na mzigo, nikaigeuza skrubu kama nilivyofundishwa, mpaka ilipoacha kulalamika. Moshi ukasafika. Mzee Luhende alisimama kando akiutazama moshi, si mimi. Msimamizi alimpa mkono. Akamwambia kwa upole kwamba hawezi tena kumwachia mashine mtu asiyesikia, wakati chini kuna watu, na Mzee Luhende akakubali kabla sentensi haijaisha, kwa kuwa alikuwa ameshaisoma yote.

Kesho yake Shaaban alimbebea mfuko hadi kwenye gari. Akasimama mbele yake, uso kwa uso, akaanza kumuaga kwa Kisukuma kilichovunjika, polepole, kila neno kwa mdomo mpana: safari, ni salama? Nyumbani, ni salama? Mvua? Mtama? Alikwenda hadi kwenye mbuzi. Mzee Luhende alimjibu zamu zote bila kuruka hata moja. Watu waliokuwa kwenye gari walingoja.

Alimkuta dada yake amekwisha kuzikwa. Aliambiwa kwamba ujumbe ulimfika akiwa bado na akili zake, na kwamba aliuliza ni mtu gani huyo aliyefungwa. Jambo hilo Mzee Luhende alinieleza baadaye mara nyingi. Sikumwambia kamwe kwamba alifanya vema, ingawa alifanya vema. Kuna mema ambayo kumsifia mtu ni kumwekea chumvi kwenye kidonda.

Hakurudi karakana. Alilima nyumbani kwake, upande wa Isaka, si mbali na njia ya reli, mahali ambapo treni za pamba zilipita bila yeye kujua mpaka ardhi itetemeke. Shaaban aliendelea na kazi, na tangu siku ile hakuna dereva wetu aliyejisifu kwamba trekta lake halili oili. Nilipopewa usimamizi wa karakana niliweka sheria: kiasi kikipanda, injini izimwe na fundi aitwe. Na yeyote aliyepita kwa fundi mzee na kuona mkono wake umekosea alipaswa kusema hapo hapo, uso kwa uso, si nyuma ya mgongo. Sheria hiyo ya pili ilinipatia maadui wengi kuliko ile ya kwanza.

Miaka kadhaa baadaye, kabla ya uhuru, nilikwenda na moja ya matrekta yale makuukuu kulima mashamba ya jirani zake. Nikapita kwake. Tukasalimiana, zamu zote, nami nikimtazama usoni. Akainuka, akalizunguka trekta, akaniomba niliwashe.

Injini ilipopata moto na kuhamia mafuta ya taa, aliuweka mkono mzima juu ya tangi, vidole vimetandazwa. Akachukua bisibisi kwa mkono wa pili. Akafungua skrubu, akafunga, akafungua tena, akiusikiliza mkono wake. Hatimaye akatulia, akanigeukia.

"Sawa?"

Nyuma yake moshi ulikuwa mweusi. Mwenye moyo laini angeitikia kwa kichwa, akamuaga, akairekebisha injini mbele ya safari. Hayo ndiyo waliyomfanyia watu wa karakana nzima.

"Imevimbiwa, mzee," nikasema, nikifungua midomo vizuri.

Uso wake ulishuka, kisha ukarudi mahali pake. Akanipa bisibisi.

"Basi igeuze wewe. Mimi nitashika tu."

Nikaifunga skrubu taratibu mpaka injini ilipoyumba, nikarudisha kidogo, nikaongeza unywele wa mlima. Ikatulia. Akarudisha mkono juu ya tangi, akafumba macho kama zamani, na midomo yake ikafunguka kidogo.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akasema. "Usizime."

Vijana mnanifahamu. Nimewakaripia wengi kwa kuacha injini ikinguruma bila kazi, na mafuta ya trekta lile hayakuwa yangu. Siku ile nilikaa kwenye gurudumu nisizime. Mke wake akaleta maziwa, tukanywa. Kuku walipita. Hakuutoa mkono.

Tukawa hivyo mpaka mafuta yalipokaribia mwisho. Mimi sikuwa nimesikia chochote. Sauti kwangu ilikuwa ile ile, nzuri, imetulia. Yeye akafumbua macho.

"Ina njaa," akasema.

Nikatega sikio. Ikapita kama pumzi moja, ndipo kabureta ikakohoa, injini ikayumba, ikakohoa tena, ikazimika. Alikaa na mkono wake juu ya tangi tupu mpaka lilipopoa.